Ukoka Juu ya Majivu

Mejumaa alikuwa amejaza kikapu nusu pale askari alipokipiga teke. Makaa yakabingirika mpaka miguuni mwa wanawake wenziwe, na vumbi la majivu likapanda likawaingia puani.

"Jaa limefungwa," askari akasema. "Tangu leo sitaki kumwona mtu akichokora hapa."

"Jaa lafungwaje?" aliuliza Mbeyu, Mgiriama mwenye ulimi, ambaye kila asubuhi alikuja kuokota makaa pamoja na Mejumaa. "Lina mlango? Lina komeo? Tuonyeshe hilo kufuli, baba, tulistahi."

Wanawake wakaangua kicheko. Askari hakucheka. Alikuwa kijana, kofia imemzidi kichwa, na aliyokuwa akiyasema alikuwa ameambiwa ayaseme.

"Wazungu wataka kupafanya mahali pa kupunga upepo. Hili jaa litasawazishwa, litandazwe udongo mwekundu, lipandwe ukoka. Watu watacheza mpira. Watakaa vitini wanywe chai, na bendi ikipigwa."

"Juu ya majivu?"

"Juu ya majivu."

"Makubwa! Na sisi tutakalia kiti gani?"

"Wewe nenda kaoge kwanza," askari akamjibu, na safari hii akacheka mwenyewe.

Mejumaa aliinama akayaokota makaa yake moja moja, akayarudisha kikapuni. Askari akamtazama, akaona haya kidogo, akageuza uso.

Jaa lenyewe lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa. Tangu magari ya moshi yaanze kwenda bara, karakana ya Kilindini ilikuwa ikimwaga hapo majivu yake yote, siku nenda siku rudi, mpaka ukawa mlima mweusi ambao ndani yake moto haukuzimika kabisa. Ukichimba kwa mkono, wasikia joto kama la mwili wa mtu mwenye homa. Wanawake maskini wakaja kuokota makaa ambayo hayakuungua yakaisha, wakawauzia wahunzi na wauza kahawa. Watu wakiwaona wamerudi nyuso nyeusi, waliwaita masizi ya reli.

Lakini Mejumaa hakuwa akija kwa ajili ya makaa. Kati ya waokotaji, Mbeyu peke yake alilijua hilo. Wenziwe walizunguka popote penye makaa mazuri. Yeye alichimba upande mmoja tu, upande wa kisima kikavu, hata siku ambazo hakupata kitu. Kwani chini ya upande huo ndipo yalipokuwa makaburi ya mafakiri, na katika makaburi hayo alilala Dzoro, mwanawe wa pekee. Dzoro alikuwa mfunga mabehewa. Behewa moja lilirudi nyuma bila ya mtu kupiga king'ora, likambana kifua kwenye behewa la pili. Akazikwa hapo kwa sababu palikuwa karibu na kwa sababu hapakuwa na malipo. Mwaka haujesha, majivu ya reli ile ile yakaporomoka juu ya ukuta wa makaburi yakamfunika.

Mejumaa alikwenda karakana kusema. Akaambiwa yataondolewa. Akangoja. Akaenda tena, akaambiwa yataondolewa. Basi akanunua kikapu. "Kama hawatoi wao," alimwambia mumewe, "nitatoa mimi." Na kweli alikuwa akiyatoa, kikapu kwa kikapu, na kila alipotoa kimoja, mabehewa yalimwaga mia.

*

Nyumbani kwao Majengo, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, mumewe Ngumbao alikuwa ameketi barazani na kofia mpya mapajani. Kofia nyekundu ya unyapara. Aliishika kama mtu aliyeshika yai.

"Umepewa lini?" Mejumaa aliuliza.

"Leo asubuhi."

"Unyapara wa nini?"

Ngumbao alikohoa. Alikuwa mchota majivu wa karakana tangu nywele zake nyeusi. Leo nyeupe. "Wa kusawazisha jaa. Nimepewa watu wa kuvuta gogo la chuma la kushindilia. Mshahara umeongezwa."

Mejumaa akakitua kikapu chini. "Baba Dzoro, wajua utakalolishindilia?"

"Najua."

"Sema basi. Sema nisikie kwa kinywa chako."

"Mke wangu, nisipolivuta mimi litavutwa na mwengine."

"Basi na avute mwengine! Yeye hakumzaa!"

Jirani mmoja alichungulia dirishani. Ngumbao akashusha sauti. "Sikiza. Wewe umefukuzwa jaani. Mimi nikifukuzwa karakana, tutakula nini? Tutakula hasira zako?"

"Zakutosha kula," Mejumaa alisema. "Ninazo za mwaka mzima."

Aliingia ndani. Siku ile hakumpakulia. Ngumbao alijipakulia mwenyewe, akala kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa juu ya kofia.

*

Ile ardhi ya makaburi ilikuwa wakfu. Bibi mmoja wa mjini, wa zamani za zamani, aliitoa kwa Mungu ili wazikwe wasio na kwao, na kitu kilichotolewa kwa Mungu hakiuzwi wala hakirithiwi. Mwangalizi wake alikuwa Mzee Awadh, mwenye duka la vitambaa kule Mji wa Kale, kama baba yake na babu yake walivyokuwa. Mejumaa akajitanda leso safi, akenda kwake.

Alipiga hodi mara tatu. Aliyefungua alikuwa Bi Badria, mke wa Mzee Awadh, akamtazama kuanzia miguuni.

"Nguo za kufua tumeshampa mtu," Bi Badria alisema.

"Sikuja kufua, bibi. Nataka kuonana na Mzee Awadh. Ni habari ya makaburi."

"Ngoja hapo dakani, mlangoni. Usikanyage mkeka."

Akangoja. Kahawa ililetwa, yake ikatiwa katika kikombe kilichopasuka ukingo, akainywa kwa upande uliosalia. Mzee Awadh akatoka, mtu mwembamba, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, na Mejumaa akaona kwamba ameshajua alichojia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Sijambo. Mzee, wataka kucheza mpira juu ya makaburi yako."

"Si yangu," Mzee Awadh alisema upesi. Kisha akakaa chini juu ya kizingiti, pale pale, jambo ambalo Bi Badria hakulipenda. "Hapo ndipo penye balaa, mwanangu. Nitakwambia, unihukumu mwenyewe. Ulipokuja ule mwaka wa kuandikisha ardhi, watu wote tuliitwa, kila mtu akaseme kilicho chake. Nikaenda. Nikaandikisha nyumba hii, nikaandikisha duka. Nikasema, na kuna makaburi kule Kilindini. Yule Mzungu akaniuliza: ni yako? Nikasema hasha! Ni mali ya Mungu. Akaniuliza tena: ni yako au si yako? Nikamwambia, Bwana, mimi niibe mali ya Mungu nije niisimamie siku ya kiyama? Akaandika."

"Aliandika nini?"

"Aliandika kwamba haina mwenyewe. Na isiyo na mwenyewe ni ya serikali."

Mejumaa alitaka kumkasirikia, na hasira alikuwa nazo tele, lakini hazikumkaa. Nani katika mji huu angejibu vingine? Nani angesema mbele ya watu, kweupe, kwamba ardhi ya Mwenyezi Mungu ni yangu, niandikieni? Waliuliza swali ambalo mwizi peke yake ndiye angelijibu sawasawa.

"Twende ofisini," alisema. "Wewe na mimi."

"Nilishakwenda."

"Twende tena, mzee. Mimi sijui kuandika, lakini kulia najua."

*

Ofisini kwa serikali, Mzee Awadh alipewa kiti. Mejumaa akaonyeshwa sakafu. Bwana mwenyewe alikuwa kijana wa Kiingereza, uso mwekundu kwa jua, na mezani pake palikuwa na picha kubwa ya ile bustani itakavyokuwa: ukoka, viti vyeupe, mahema, na Wazungu wadogo wadogo waliochorwa wakitembea na miavuli. Hapakuwa na mtu mweusi katika picha ile ila mmoja, amebeba sinia.

Tarijumani, wa kugeuza maneno, alikuwa karani Nicodemus, kijana aliyesomeshwa misheni huko Kisauni, shati lake limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake.

Mejumaa akasema yake. Bwana akajibu maneno marefu, huku akiishika pua kwa kitambaa.

"Asema pole," Nicodemus alisema.

"Maneno yote yale ni pole?"

"Asema pole, na asema ile ardhi haina mwenyewe. Watu waliitwa. Hakuna aliyeidai."

"Mimi nilikuja," Mzee Awadh alisema. "Mwambie nilikuja. Nilisema ni ya Mungu."

Nicodemus akageuza. Bwana akacheka, akasema neno fupi. Karani akatazama kalamu yake. Yeye naye alikuwa mtu wa dini.

"Waambie," Bwana akamhimiza kwa Kiswahili.

"Auliza..." Nicodemus alisema taratibu, "auliza kama huyo mwenyewe alitia sahihi."

Mzee Awadh alisimama. Lakini katika maisha yake hakuwa amejifunza kumpigia kelele mtu aliye nyuma ya meza. Akaketi tena. Lile la kuketi tena ndilo lililomuudhi Mejumaa kuliko kicheko.

"Karani, mwambie hivi," Mejumaa alisema. "Sitaki bustani yake. Na achukue yote. Mimi nataka ile pembe ya kisima tu. Aizungushie ukuta, wacheze mpira wao huko kwengine. Mwanangu alikufa akiwafungia mabehewa. Hawakunipa kitu, na sikuomba kitu. Leo naomba urefu wa mtu mmoja na upana wa mtu mmoja."

Nicodemus aligeuza yote, hakupunguza, hata jasho likamtoka. Bwana alisikiza. Kisha akaashiria katika picha yake: pembe ya kisima ndipo litakapokaa hema la chai, kwa sababu ndipo penye upepo mzuri. Akafungua mtoto wa meza akatoa rupia mbili, akaziweka ukingoni.

"Asema ukamwekee mwanao jiwe mahali pengine."

"Jiwe huku na mtu kule?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Mejumaa akainuka. Rupia akaziacha pale pale zilipo. Bwana, kwa kuwa hakuwa mtu mwenye kinyongo, akampa Mzee Awadh kadi nyeupe yenye maandishi ya dhahabu: amealikwa siku ya ufunguzi, pamoja na waungwana wengine wa mji. Mzee Awadh akaipokea kwa mikono miwili. Mazoea ni kitu kibaya.

Nje, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Ngome kama kawaida, hapa yakisemwa haya na kule yakisemwa yale, na yenyewe yapepea tu.

*

Wakalisawazisha jaa. Watu walishuka na majembe wakaukata ule mlima, wakautandaza ukafunika makaburi, ukafunika ukuta, ukakijaza kisima mpaka mdomoni. Udongo mwekundu ukaletwa kwa mikokoteni. Gogo la chuma likapita juu yake likienda likirudi, na mbele ya watu walioshika kamba alikuwa Ngumbao na kofia yake nyekundu, midomo ikimchezacheza. Wenziwe walisema, mzee ahesabu mizunguko ili asidhulumiwe mshahara.

Mejumaa alikuwa akienda kusimama ng'ambo ya kamba. Hakusema na mtu. Nyumbani napo, mume na mke waliishi kama wapangaji wawili. Chakula alikipika na kukiweka, maneno hakuyaweka. Ngumbao alizoea kurudi, kutundika kofia, kunawa majivu na kulala. Siku moja alianza, "Mama Dzoro, nataka kukwambia..." na Mejumaa akamkata: "Mimi sina mwana aitwaye Dzoro. Umemshindilia." Ngumbao hakujaribu tena.

Ukoka ukapandwa. Mvua ikausaidia. Kila mtu aliyepita alisema, hata wale wenye makaburi yao chini walisema, kwamba pamependeza. Hilo nalo lilimuuma Mejumaa: kwamba palipendeza kweli.

Sasa, mji wetu una ada yake. Shaaban ikielekea ukingoni, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu huenda makaburini. Huwang'olea wafu wao nyasi, huwamwagia maji, huwaombea, ili nao wawe safi mfungo unapoingia. Mtu asiyepaliliwa kaburi mwaka huo ni kama mtu asiye na jamaa. Miaka yote ya jaa, Mejumaa alikuja na mtungi wake akamwaga maji juu ya majivu ya moto, yakapiga chwaa, moshi ukapanda, akarudi nyumbani akilia kwa sababu hapakuwa hata na jani moja la kung'oa.

Bwana hakuijua ada hiyo, na waungwana wa mji hawakumwambia. Akachagua siku ya kufungua bustani. Ikaangukia wiki ya mwisho ya Shaaban.

"Waona, dada?" Mbeyu alimwambia Mejumaa, wamekaa uani wakichambua mchicha. "Mimi si Mwislamu, dini yenu siijui. Lakini nauliza tu. Kaburi likiota nyasi, si hung'olewa?"

Mejumaa alikiacha kisu. Akamtazama Mbeyu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu askari apige kikapu teke, akatabasamu, na lile halikuwa tabasamu la kheri.

*

Siku ya ufunguzi bendi ya Wagoa ilipiga tangu alasiri. Wazungu walikaa chini ya hema, wake zao kofia kama masinia ya maua. Waungwana wa mji walipangwa nje ya hema, upande wa jua. Mzee Awadh alikuwa kati yao, joho jeusi, kadi mkononi, jasho likimshuka masikioni. Chai haikuwafikia. Watu wengine wote walikuwa nyuma ya kamba.

Mejumaa akaja na wanawake wa Majengo, wamejitanda leso safi, kila mmoja na mtungi kichwani. Walikuja kwa mstari, kimya. Askari wa kambani alikuwa yule yule wa kofia kubwa.

"Maji ya wapi haya?" aliuliza. "Ya kumwagilia nyasi?"

"Ya nyasi, baba," Mbeyu alijibu kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. "Zisije zikafa siku ya harusi yao."

Askari akainua kamba. Wakapita.

Wakaenda mpaka karibu na hema, na Mejumaa akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisima hakipo. Ukuta haupo. Miaka yote alimpata mwanawe kwa vitu viwili hivyo, na sasa palikuwa sawa kote, kijani kote, kama bahari iliyolala. Alipiga hatua mbele, akarudi. Alikuwa amejitayarisha kwa askari, kwa matusi, kwa kiboko. Hakuwa amejitayarisha kwa hili, kwamba angefika na asijue ni wapi.

"Dada, ni wapi?" Mbeyu alinong'ona.

"Sijui," Mejumaa alisema. "Mbeyu, nimempoteza. Sijui."

Bendi ikaanza kufifia, tarumbeta moja moja. Vichwa vikageuka chini ya hema. Bwana alisimama, kikombe mkononi, akaita kwa sauti, "Nyapara! Ondoa hao!"

Ngumbao akaja kutoka upande wa gogo. Alivaa kofia yake nyekundu na kanzu iliyofuliwa. Alitembea polepole, kama mzee, na watu wote wakamtazama. Mejumaa alimwona akija. Alijiambia, akinigusa huyu, tumeachana, hapa hapa, mbele ya Wazungu na wafu.

Ngumbao hakumgusa. "Mama Dzoro," alisema, "hapo uliposimama ni kwa Mwinyi Kombo, yule muuza maji. Mwanao hayuko hapo. Nifuate."

Akaenda hatua chache upande wa hema. Akasimama, akavua kofia, akainama akaiweka juu ya ukoka. "Kichwa ni hapa," akasema. Akatembea urefu wa mtu. "Na miguu ni hapa."

"Umejuaje?" Sauti ya Mejumaa ilikuwa ndogo.

"Nilichimba mimi. Na kila nilipopita na lile gogo niliwatolea salamu, yeye na wenziwe wote walio hapa, mmoja mmoja, ili nisipasahau. Wenzangu wakidhani nahesabu." Akamtazama mkewe. "Nilitaka kukwambia. Hukutaka kunisikiza."

Kisha akapiga magoti, akaukamata ukoka kwa mikono miwili, akaung'oa.

Mejumaa akatua mtungi, akapiga magoti upande wa pili. Waling'oa bila ya kusema, jani kwa mzizi, udongo mwekundu ukatoka, na chini ya udongo yakatokea majivu meusi. Bwana alikuwa akipiga kelele. Nyuma ya kamba mwanamme mmoja aliita, "Ngumbao! Na mamangu yuko wapi?" Ngumbao akanyoosha mkono bila ya kuinuka: "Mbele ya ngoma ile kubwa. Mwambie mpigaji asogee." Mtu yule akaruka kamba. Mwengine akaruka. Punde ukoka mzuri ule ukawa na viraka vyeusi hapa na pale, kila kiraka urefu wa mtu, vingine vifupi, vya watoto. Wanawake wakamwaga maji. Mbeyu aliyekuwa si Mwislamu alishika mtungi akamwagia kaburi ambalo halikuwa na jamaa wa kulimwagia.

Mzee Awadh hakuinuka kitini. Watu waliliona hilo na wakalisema baadaye. Alikaa na kadi yake ya dhahabu, machozi yakimdondoka juu ya maandishi.

*

Walipelekwa mbele ya hakimu, Ngumbao na Mejumaa, kwa kuwa ndio waliokuwa vichwa. Nicodemus ndiye aliyegeuza maneno.

"Waulizwa kwa nini uliharibu mali ya watu wote," alimwambia Mejumaa.

"Ya watu wote?" Mejumaa alisema. "Mimi niliingia mle kwa sababu askari alidhani nimeleta maji. Sikuharibu kitu, bwana. Nilipalilia kaburi. Wao ndio walioliotesha nyasi."

Hapo Mzee Awadh akasimama nyuma ya chumba, akaomba kusema. Hakimu akamruhusu, maana alimjua kwa wema wake. Mzee alikuja mbele, akashika meza, uso umemkauka kama karatasi.

"Ile ardhi ina mwenyewe," akasema. "Ni yangu. Nilirithi kwa baba yangu. Hawa walikuwa na idhini yangu."

Kila mtu wa mji aliyekuwa mle alijua kuwa ule ni urongo, tena alijua umemgharimu nini mzee yule, na mbele ya nani atakuja kuulizwa. Nicodemus akaugeuza. Hakimu akafunua karatasi zake, akatikisa kichwa. Akasema muda wa kudai ulikwisha pita. Mzee aliposema kweli, waliandika. Aliposema urongo, hawakuandika.

Mejumaa aliachiwa kwa kuonywa. Ngumbao alivuliwa unyapara, akafungwa mwezi mmoja na kazi ngumu. Na kazi yenyewe, hakimu akasema huku akijiona ametenda haki, iwe ni kuupanda upya ule ukoka, kwa mkono wake, kila kiraka, mpaka upendeze.

Ramadhani ikaingia. Ngumbao alifunga na akapanda, kiunoni nguo ya kifungo, askari amesimama juu yake na mwavuli. Mejumaa alikuja kila siku kwenye kamba. Sasa hakuwa akimtazama kwa chuki. Alimwona mumewe akichukua vipando kikapuni, akivichomeka ardhini kimoja kimoja, kiraka cha Mwinyi Kombo, kiraka cha yule mama wa kwenye ngoma. Alipofika karibu na hema aligeuza mgongo kidogo kwa askari. Alichukua kipando, akakikata mzizi kwa ukucha wa kidole gumba, akakichomeka. Akachukua chengine. Akakata. Akachomeka.

"Umeona anavyofanya mumeo?" Mbeyu aliuliza.

"Nyamaza."

"Sisemi kitu. Nauliza tu kama umeona."

"Nimeona."

Siku ya kukaguliwa kote kulikuwa kijani, Bwana akaridhika. Mwezi wa mfungo ukaisha, Ngumbao akatoka gerezani akaja nyumbani. Mejumaa alimpakulia, akakaa karibu naye mpaka akamaliza.

Idi ilipopita Wazungu walirudi kunywa chai, wakakuta viraka vyao vimeota tena vizuri, ila pale mbele ya hema. Pale palikuwa na ukoka uliokauka, rangi ya mkate, urefu wa mtu mmoja na upana wa mtu mmoja. Bwana akaita mafundi. Wakasema ni majivu. Wakasema ni moto wa chini. Wakaleta samadi, wakaleta maji, na Ngumbao, aliyerudi kuomba kibarua kwa kuwa hakuna aliyeijua kazi ile zaidi yake, akaandikwa apande tena mahali pale.

Akapanda.